Injini ya Mjomba Kwenye Maji ya Kwari

Mimi siogopi injini. Muulize mtu yeyote pale stegi za matatu za Spine Road, atakuonyesha ni wapi jenereta iliyokataa hupelekwa, na pampu ya maji iliyoshindikana kwingine huishia kwa nani. Cheti sina. Shule niliiacha kabla haijaniacha, nikashika spana, na spana hiyohiyo imenijengea ploti na kusomesha watoto. Sikuachiwa kitu na mtu. Nasema haya mapema ili mjue anayewasimulia ni mtu wa namna gani, msije mkadhani nilizaliwa mwoga.

Lakini juzi mteja mmoja aliniletea injini ya mashua, zile za zamani zinazofungwa nyuma, propela ikining'inia majini. Ilikuja na tanki lake la petroli, na kati ya tanki na injini kulikuwa na ile paipu nyeusi yenye kibofu cha mpira katikati, umbo la yai, ambacho unakiminya petroli ipande kabla hujavuta kamba ya kuwashia. Mteja akasema, "Ikiwa polepole inaenda vizuri. Ukiiongezea moto inalegea, inataka kufa." Vijana wangu wakafungua kifuniko, na ile harufu ya petroli iliyochanganywa na oili ikapanda. Nikashika kile kibofu. Mkono wangu ukawa baridi hadi kwenye kiwiko. Nikawaambia vijana nakwenda kunywa chai, na mimi mwenye karakana nikaenda nikakaa kibandani, chai ikapoa mbele yangu na sikuigusa.

Nilikuwa nimerudi Makongeni ya utoto wangu.

Tuliishi kwenye nyumba za reli, chumba kimoja, mfereji mmoja wa maji kwa safu nzima. Baba alikuwa fundi kwenye karakana ya reli, na mdomo huu wangu nimeurithi kwake, sikuutengeneza mwenyewe. Hakuna kilichoharibika mtaani kwetu ambacho Baba hakusema anakiweza. Nyuma ya mlango wetu ilining'inia tyubu ya lori, nyekundu kama udongo wa kwao kijijini, na wembe umechomekwa juu yake. Kandambili ikikatika, Baba anakata kipande. Bomba likivuja, anakata kipande. Mlango ukipiga kelele, mguu wa meza ukiyumba, kipande. Dada yangu Ndunge alikuwa akisema siku mmoja wetu akivunjika mguu atafungwa tyubu.

Pasaka ya mwaka huo Baba alikwenda ukweni peke yake, akarudi akijisifu hadi majirani wakachoka. Mjomba Mutisya, kaka yake Mama, alikuwa amenunua injini kuukuu ya kuvushia watu kwenye lile bwawa kubwa la umeme kule mto Tana. Bwawa lilikuwa limemeza barabara ya kwao, na upande wa pili ndiko nyanya yetu alikobaki. Injini ikamkatalia Mjomba, Baba akaifufua. "Kwa wembe na hii mikono," alisema, akituonyesha mikono yenyewe. "Sikuwa hata na bisibisi ya maana."

Basi miezi ikapita, na jioni moja Mjomba akaingia mtaani akifuata mkokoteni, na juu ya mkokoteni kuna kitu kirefu kimefungwa blanketi.

Wanawake waliokuwa mferejini wakaacha kuteka. Mama Wanjiru, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliweka ndoo yake chini. Mnapaswa kujua kwamba mvua za masika zilikuwa zimemchukulia Mama Wanjiru mtoto wake wa kiume, Kamau, rika langu, niliyecheza naye kila siku. Alikwenda na wavulana wakubwa kuogelea kwenye kwari, yale machimbo ya mawe upande wa Kayole ambayo mvua huyajaza. Alirudishwa kwenye blanketi.

"Ni nani huyo?" Mama Wanjiru aliuliza.

Mjomba hakujua habari za Kamau, na alikuwa mtu wa mzaha. "Ni mgonjwa, mama. Tumemleta kwa daktari wa reli."

Hakuna aliyecheka. Mama alitoka mbio akafunua blanketi mwenyewe, ili Mama Wanjiru aone ni chuma.

Mjomba alikula ugali wake kwanza, ndipo akaeleza. "Shemeji, ile injini uliniponyea vizuri. Ikiwa tupu, inaimba. Nikibeba watu na niende polepole, inaimba. Sasa juzi nimejaza watu wa soko, na nyanya ya hawa watoto ndani. Katikati kabisa naona viboko mbele. Nikasema niweke moto tuwapite. Kuweka moto, ikalegea. Narudisha, inapumua. Naweka moto, inalegea. Kiboko mmoja akazama. Na kiboko akizama, hujui atatokea wapi."

"Na Mama?" Mama yangu aliuliza.

"Mama alianza kuimba wimbo wa kanisa, ule wa kuagana. Nikajua ameshatuandikisha mbinguni."

Wakubwa wakacheka, isipokuwa Mama. Nyanya alikuwa amedhoofika mwaka huo, na Mama alikuwa ameahidi kwamba Disemba tutakwenda wote. Akasema kwa sauti ya chini, akikusanya sahani, "Hiyo injini isipopona, mimi siwezi kupandisha watoto juu ya maji. Na nisipokwenda Disemba, mama yangu sitamwona tena. Kwa hivyo mjue mnachotengeneza hapo ni nini."

Tangu siku hiyo sikuiona tena ile injini kama chuma. Kazi yake ilikuwa kuamua kama tutaishi.

Baba aliifunga kwenye pipa la maji nje ya mlango wetu. Aliishughulikia jioni baada ya jioni, Mjomba akimpa spana, nami nimechuchumaa karibu kuliko walivyotaka. Alibadilisha plagi. Aliangalia kama tundu la hewa la tanki limefunguliwa. Alisafisha kabureta hadi ikang'aa kama kijiko cha harusi. Alitoa majani yaliyojisokota kwenye propela. Kila mara alivuta kamba, injini ikanguruma, maji ya pipa yakachemka na kumwagika hadi mlangoni kwa Mama Wanjiru, na Baba akaiongezea moto kidogo, ikapokea bila shida.

"Umeangalia pampu ya petroli?" Mjomba aliuliza.

"Pampu ya nini? Pampu niliifanya mimi mwenyewe Pasaka."

"Nauliza tu, shemeji."

"Usiulize kilichofanywa. Uliza ambacho hakijafanywa."

Mjomba akarudi kufuta spana. Mimi nilikuwa na jibu langu, ila watoto hawakuulizwa. Niliona hivi: ikiwa ndani ya pipa inaimba, na ikiwa juu ya maji marefu inakufa, basi si injini iliyo na shida. Ni maji. Maji marefu yana kitu ambacho maji ya pipa hayana, na injini inakijua, ndiyo maana ikikaribia inalegea miguu kama mimi nilivyolegea nikipita mlangoni kwa Kamau. Injini ilikuwa inaogopa. Na kama chuma kinaogopa, mimi ni nani?

Baba naye alifikia jambo kama hilo kwa njia yake. Alifuta mikono akasema, "Hapa tunajidanganya. Pipa halina mzigo. Hii inataka maji ya kweli, ibebe, isukume, ndipo itasema inapoumwa."

"Maji ya kweli Nairobi?" Mjomba akasema. "Yako wapi?"

Baba hakujibu. Hakuhitaji. Mama alikuwa mlangoni, na sufuria na mwiko vilikuwa mikononi mwake.

"Hapana," Mama alisema.

"Sijasema kitu."

"Umenyamaza kwa sauti. Kule kwari hapana. Kwa heshima ya huyu mama wa ukuta, hapana. Wewe hujui kuogelea hata kwenye karai."

"Sitaogelea. Nitakaa juu ya mbao, na kaka yako atanishika na kamba."

"Na huyu?" Alininyooshea mwiko.

"Huyu atakaa ukingoni."

Tulikwenda Jumamosi, Mama akiwa sokoni. Mkokoteni, injini, tanki, mbao, kamba, na mapipa matupu ambayo Baba alikuwa ameazima kazini. Ni safari ndefu kwa miguu, na wakati huo Kayole haikuwa na ghorofa hata moja, ilikuwa mawe na vumbi na watu wa kugonga mawe. Nilikuwa nimeapa kutofika pale mahali maisha yangu yote. Nikatembea nyuma ya mkokoteni nikijiambia nikifika nitaangalia upande mwingine.

Hakuna upande mwingine kwenye kwari. Ni shimo, kuta za mawe zimekatwa wima kama nyumba, na chini maji ya kijani yasiyosogea. Upepo haufiki. Hata ndege hakulia. Upande mmoja tu palikuwa na mteremko ambapo lori zilikuwa zikishukia zamani, na barabara hiyo iliingia majini ikaendelea kuteremka huko ndani. Uliweza kuiona kidogo, halafu hukuiona tena. Nilijua Kamau alipita hapo.

Baba na Mjomba walifunga mapipa kwa kamba, wakafungia mbao juu, wakakaza injini nyuma. Walikiita kitanda, na kwa kweli kilifanana nacho. Baba akapanda. Kitanda kikayumba. Tanki la petroli likateleza upande, nusura lianguke majini, naye hakuweza kulishika huku ameshika injini.

"Nipande nami," Mjomba akasema. "Nishike tanki."

"Uzito wako utatuzamisha," Baba akasema. Kisha akaniangalia. Nakumbuka alivyoniangalia, kama mtu anayepima ubao. "Kuja hapa. Kaa chini, kumbatia tanki, usisimame."

"Ulimwambia Mama nitakaa ukingoni."

"Nakwambia wewe sasa."

Nilipanda. Watu hunisikia nikijisifu kwamba sijawahi kukataa kazi, na ni kweli. Hata ile sikukataa, ila niliifanya nikiwa nimefumba macho.

Baba aliwasha, injini ikanguruma, na kuta za mawe zikaturudishia sauti kutoka kila upande, ikawa kama injini nyingi. Tulienda polepole. Maji yalikuwa yakigonga mapipa chini yangu. Nilipofumbua macho ukingo ulikuwa mbali, Mjomba mdogo kama mtoto, kamba imelala juu ya maji kati yetu naye.

"Haya," Baba alisema, na akaweka moto.

Kitanda kikaruka mbele, pua ikainuka, upande wa nyuma tuliokaa sisi ukashuka. Halafu injini ikalegea. Sauti yake ilishuka kama mtu anayeishiwa pumzi katikati ya neno. Pua ikaanguka, na maji ya nyuma tuliyokuwa tumeyakimbia yakatufikia, yakapanda juu ya mbao, yakanilowesha hadi kiunoni. Yalikuwa baridi sana. Nikajua sasa ndiyo, maji yametambua tuko juu yake.

Nilihitaji kushika kitu. Mkono wa Baba ulikuwa mbali. Nilichokipata ni kile kibofu cha mpira, na nikakishika kama unavyoshika mkono wa mama yako ukivuka Jogoo Road, nikakiminya kwa nguvu zangu zote.

Injini ikapiga kelele. Ikaamka, ikatusukuma, maji yakateremka kutoka kwenye mbao.

Vidole vyangu vikachoka, nikalegeza. Injini ikalegea. Nikaminya kwa hofu. Ikaamka.

Baba aligeuka. "Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu."

"Umeshika nini?"

Nikamwonyesha kwa macho, sikuthubutu kuinua mkono.

Uso wake ulibadilika. "Iachie."

"Hapana."

"Nakwambia iachie nione."

"Tutakufa, Baba."

"Hatutakufa. Iachie."

Hakuna neno gumu nililowahi kuambiwa kushinda hilo, na nimeambiwa maneno magumu na wakubwa wa benki. Nilikuwa nimepata kitu kimoja duniani kinachotuweka juu ya maji, na baba yangu mzazi ananiambia nikiachie. Nililia. Nikaachia. Injini ikazama sauti, maji yakarudi miguuni, na Baba hakuangalia maji, aliangalia mkono wangu.

"Minya."

Nikaminya. Ikaamka.

"Acha."

"Baba, tafadhali."

"Acha."

Alinirudisha pale mara nyingi sana, au labda si nyingi, hofu haijui hesabu. Kila nilipoachia nilimwona Kamau amesimama kwenye ile barabara iliyo chini ya maji, anatungoja. Hatimaye Baba alimwashiria Mjomba, na Mjomba akatuvuta kwa kamba, mkono juu ya mkono, injini imezimwa. Nilipofika kwenye mawe niliyalalia kifudifudi.

Mjomba alicheka kwa furaha. "Mpwa wangu ndiye fundi. Ameipata. Shemeji, huyu mtoto ameipata."

"Petroli haifiki," Baba alisema. "Akiminya inasukumwa kwa nguvu, inafika. Akiacha, pampu yenyewe haina nguvu ya kuvuta." Alisema hivyo taratibu, na hakuonekana mtu aliyepata kitu. Alionekana aliyepoteza. "Wewe kunja kamba, mimi naangalia."

Aliibeba injini akaenda nyuma ya lundo la mawe. Mimi nilimfuata kwa sababu sikutaka kuwa karibu na maji. Alifungua pampu, kitu kidogo cha ukubwa wa kiganja, akatenganisha vipande vyake, na kati yake akatoa kitu kwa ncha ya bisibisi.

Kilikuwa chekundu. Kilikuwa kimevimba, laini, kimekunjamana, kinateleza, na kilikuwa kinadondosha. Kilifanana na ini la mbuzi, au kipande cha ulimi. Baba alikiangalia, akakiangusha kwenye mawe, akakiokota. Baba, aliyekuwa akishika chuma cha moto. Akaangalia upande wa Mjomba, akaangalia yale maji, akaniona mimi.

"Usimwambie mtu," alisema. Akakifunga kwa kitambaa, akakitia mfukoni.

Kwa Mjomba alisema ngozi ya pampu, ile inayovuta petroli, imechoka, atanunua mpya dukani mjini, ya kampuni yenyewe. Akainunua. Mjomba akarudi kwao na injini yake kwenye blanketi.

Mimi nilibaki na kile nilichokiona. Wakati wa mazishi ya Kamau sanduku halikufunguliwa, na sisi watoto tulikuwa na maelezo yetu: halikufunguliwa kwa sababu alikosa kitu. Tulibishana ni kitu gani. Sasa mimi nilijua ni kitu gani, na nilijua kiko wapi. Baba alikuwa amekitia kwenye kopo la misumari, juu ya kabati. Injini ilikuwa imekivuta kutoka kwenye maji, imekimeza, ndiyo maana ilikuwa inakabwa. Kwamba ilikabwa kule Tana kabla haijafika kwari, hilo halikunisumbua. Hofu haipangi mambo kwa zamu.

Na kitu kingine kiligeuka nyumbani. Tyubu nyekundu ilitoweka nyuma ya mlango. Mama aliitafuta kandambili ya Ndunge ilipokatika, akauliza, Baba akasema ameitupa, imezeeka. Wembe ulibaki umechomekwa kwenye ubao mtupu. Hilo nalo sikuliunganisha na lolote.

Nilikuwa nikimwona Mama Wanjiru kila asubuhi mferejini, nami nikijua tuna kipande cha mwanawe ndani ya kopo. Chakula changu nilimsukumia Ndunge. Nilikonda hadi Mama akaninunulia dawa ya minyoo.

Siku moja Mama Wanjiru aliniita. Alikuwa akifua, mikono imejaa povu. "Kuja hapa. Kwa nini unaniangalia hivyo siku hizi? Uko na maneno mdomoni."

"Sina."

"Uko nayo. Sema."

Nikasema, nikiangalia povu. "Kamau. Kwa sanduku. Alikuwa mzima?"

Alikamua nguo aliyoshika hadi tone la mwisho. Nilijua atanipiga. Badala yake alikaa juu ya ndoo.

"Nilimwosha mimi mwenyewe," alisema. "Nilimwangalia vidole vyote, vya mikono na vya miguu, kama nilivyomwangalia siku niliyomzaa. Alikuwa mzima. Sanduku nililifunga kwa sababu nilikuwa nimemaliza kumwangalia." Akanifuta uso kwa mkono wenye sabuni. "Ukiwa na swali lingine uje uniulize mimi, usiulize watoto."

Ningepaswa kupona hapo. Lakini fikiria akili ya mtoto. Kama kile kipande si cha Kamau, basi ni cha mtu mwingine. Injini ilikuwa imekula mtu kule kwenye bwawa, labda mmoja wa watu wa soko, na Baba amejua, na amenyamaza, na Disemba tunapanda nyuma ya injini hiyohiyo. Na mimi nilikuwa nimeambiwa nisimwambie mtu.

Kile kipande nilikuja kukijua nikiwa kijana, nikishika spana kwenye karakana ya watu Industrial Area. Mzee mmoja alifungua pampu ya petroli mbele yangu na ndani yake mlikuwa na kitu kimevimba, kinateleza, cheusi. Nikasema kwa sauti, "Hiyo ni nyama." Karakana nzima ikacheka, wakaniita Bucha hadi nilipoondoka pale. Mzee akanionyesha: mtu alikosa ngozi halisi ya pampu, akakata kipande cha tyubu. Tyubu na petroli havipatani. Siku za kwanza inafanya kazi vizuri kabisa, unajisifu. Halafu petroli inailainisha, inavimba kama mkate kwenye chai. Ukienda polepole itavuta, kwa sababu kinachotakiwa ni kidogo. Ukitaka nguvu, haina.

Niliketi chini kwenye oili. Nyekundu. Wembe na hii mikono. Pampu niliifanya mimi mwenyewe Pasaka.

Sikumwuliza Baba. Alikuwa hai, na mdomo wake haukuwa umefupika, alijisifu hadi siku za mwisho kuhusu treni na mabomba na majiko. Lakini nilipokaa kufikiri niliona kwamba habari ya Pasaka hakuisimulia tena. Mahali pake alikuwa ameweka nyingine: ya mwanawe aliyegundua ugonjwa wa injini akiwa mdogo, katikati ya kwari, kwa kuminya tu. Aliisimulia kwa wageni, kwa wafanyakazi wenzake, kwa mchungaji. Hiyo ndiyo iliyonifanya niamini nina mkono wa injini, na nimekula kutoka kwenye mkono huo hadi leo. Kwangu karakanani kijana akikata tyubu kuweka kwenye pampu, siku hiyo anakwenda nyumbani. Wanadhani ni ukali tu wa mzee.

Na Disemba ile tulivuka.

Mashua ilikuwa ya mbao, maji yalikuwa ya kahawia, mapana, na marefu hivi kwamba miti iliyozama ilitokeza vichwa tu. Mjomba alishika injini. Mama alikaa katikati, Ndunge upande huu, mimi upande ule, na alinishika kiasi kwamba nilisikia moyo wake mgongoni mwangu, au ulikuwa wangu. Baba alikwenda nyuma kabisa akakaa kando ya tanki. Akashika kile kibofu.

"Shemeji, iachie hiyo," Mjomba akasema. "Ngozi ni mpya. Tangu niiweke haijakohoa."

"Endesha."

"Utachoka mkono bure."

"Mkono ni wangu."

Katikati Mjomba aliweka moto. Nilifumba macho nikangoja ile sauti ya kuishiwa pumzi. Haikuja. Mashua iliinua pua, ikaenda, ikaenda, upepo ukatujaa masikioni. Nilipofumbua macho niligeuka kumwona Baba. Alikuwa ameinama, macho kwenye ubao, anaminya. Anaminya, anaachia, anaminya. Nami nilimtazama nikadhani anaogopa kuliwa, kwa kuwa yeye na mimi peke yetu tulijua ndani ya ile injini mlikuwa mmetoka nini.

Sasa, mimi mtu wa kazi hii, nawaambia jambo. Pampu ikiwa nzima na petroli ikiwa inafika, kile kibofu hujaa na kuwa kigumu kama jiwe. Hakiminyiki. Baba alikuwa akiminya jiwe, kutoka ukingo huu hadi ule.

Nyanya alikuwa amesimama kwenye mawe, mwembamba, ameshikilia fimbo kwa mikono miwili, na Mama alishuka kabla mashua haijasimama akamkimbilia, akalowa. Wakashikana. Sisi tukashuka. Baba alibaki amekaa. Vidole vyake vilikuwa vimekataa kufunguka, na Mama alilazimika kurudi majini, akamfungua kimoja kimoja, huku machozi ya mama yake yangali shavuni, akacheka.

"Mwanamume wa reli," alisema. "Kumbe unaogopa maji kushinda watoto."

Mjomba akacheka, Ndunge akacheka, hata Nyanya kule ukingoni akacheka. Na Baba, ambaye sijawahi kumwona akikubali kuchekwa na mtu yeyote, aliutazama mkono wake uliofunguliwa, akawaacha wacheke.